Koti Lililofuliwa

Wazamiaji walitoka majini kwa mara nyingine mikono mitupu. Mkubwa wao akaja kusimama mbele ya Shangazi huku maji yakimchuruzika.

"Mto huu hauna mtu," alisema. "Kama yumo, basi umemficha makusudi."

Shangazi alikuwa mpelelezi mwenye cheo cha inspekta, lakini kituo kizima, kuanzia mkuu hadi mfagizi, kilimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na ulimi wa shangazi: anakugombeza huku anakutengenezea kola. Leo ulimi ule ulikuwa umelala. Tangu jana jioni, kina mama wafuaji walipookota koti la kahawia juu ya jiwe kando ya maji, kila mtu alikwisha kuamua kwamba Mzee Ndevu amezama. Mkuu wa kituo alikwisha kupiga simu kuuliza kama wanaweza kuandika hivyo, wazamiaji wa watu wakapumzike.

Mzee Ndevu alipotea juzi. Asubuhi binti yake alimpeleka kwenye ukumbi wa klabu ya watu wa kujitolea, ambao kila baada ya miezi kadhaa huwakusanya wazee wa mitaa ya jirani, wakawaogesha, wakawanyoa, wakawatazama meno na kuwavisha nguo safi. Adhuhuri aliporudi kumchukua, hakumkuta. Akili ya mzee ilikuwa inakuja na kuondoka. Siku nyingine alimjua binti yake, siku nyingine alimwamkia shikamoo. Hilo familia ilikuwa imeshalizoea. Lisilozoeleka lilikuwa kisukari, kwani mzee alichomwa sindano asubuhi na jioni, na tangu juzi hakuwa amechomwa hata moja.

Binti mwenyewe, mshonaji wa makamo mwenye futi ya kitambaa shingoni ambayo hakukumbuka kuivua, alikuwa ameketi kwenye nyasi amepakata chupa ya chai. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu na dawa ya baba yake, na kila barafu ilipoyeyuka alikwenda kwenye duka la juu ya mto kununua nyingine, akarudi kukaa palepale.

"Daktari wa hospitalini kaniambia leo ikipita bila sindano nisimlaumu mtu," alisema bila kuulizwa. "Nimlaumu nani? Nimempeleka mwenyewe kwa mkono wangu huu."

Shangazi alilitandaza lile koti juu ya boneti la gari la polisi. Jana jioni alilipokea hapohapo mtoni likiwa kwenye mfuko wa plastiki, na mambo yalikuwa mengi, hakulitazama kama inavyotakiwa kutazama kitu. Sasa alilitazama. Kisha akaliinamia, akalinusa kwapani, polisi wawili wakageukia pembeni wasicheke.

Kwapani ndiko koti la mzee hutunza historia yake. La huyu halikuwa na historia yoyote. Lilinukia sabuni ya unga.

"Mwanangu, njoo," aliita. "Litazame kwa macho ya kazi, usilitazame kwa macho ya uchungu."

"Ni la baba."

"Najua ni la baba. Mimi nakuuliza kazi. Kifungo hiki cha pili kutoka juu."

Binti aliinama. Alikigusa kifungo, akakigeuza, na uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu juzi alikuwa na kitu kingine cha kuhisi.

"Hiki sijashona mimi. Mimi kifungo cha koti nakizungushia uzi shingoni kisimame. Hiki kimebanwa kama cha shati. Halafu uzi mweusi kwenye koti la kahawia? Mimi?"

"Juzi asubuhi kilikuwepo?"

"Hakikuwepo. Nilimwambia baba, nenda tu, nitakishona jioni."

"Basi baada ya kuachana na wewe, koti hili limefuliwa, limekauka, limepata kifungo, ndipo likaja mtoni." Shangazi alianza kukagua mifuko. "Mtu anayekwenda kujitosa majini hapiti kwanza kwa dobi."

Mfuko wa kushoto ulikuwa mtupu. Wa kulia ulikuwa na kitambaa kilichosokotwa duara na kubanwa kwa kukaliwa na uzito: kata, ile wanayoweka wabeba mizigo kichwani.

"Baba yako aliwahi kubeba mizigo?"

"Kichwani hajawahi kubeba kitu isipokuwa kofia."

Shangazi aliinua macho kuwatazama watu waliojaa ukingoni. Wanaokuja kungoja maiti hutazama maji. Mmoja tu, mwanamume mwenye singlendi na shingo nene kama kinu, alikuwa anatazama boneti la gari. Jana jioni pia alikuwepo, nyuma ya watu vilevile.

"Wewe mwenye shingo," Shangazi alisema, wala hakupaza sauti. "Njoo uchukue koti lako."

Yule mtu alitazama njia ya kukimbilia, akamtazama Shangazi, akaona bora aje.

"Shangazi, sijaua mtu."

"Nani kasema umeua? Koti umelipata wapi?"

"Kwa wale wa klabu. Juzi jioni, baada ya kumaliza mambo yao, walikuwa wanagawa nguo. Nikapata hili. Jana nikalivua hapo nioge, nikasogea kule chini kwenye maji mazuri. Kurudi, nakuta kina mama wanalilia. Mara polisi. Nikajiambia, bwana wee, koti siyo ngozi, liache liende."

"Ukawaacha hawa wakapiga mbizi tangu asubuhi."

"Niliogopa."

"Na huyu?" Shangazi alimwonyesha binti. "Huyu ulikuwa unamwona?"

Mbeba mizigo aliinamisha kichwa. Mzamiaji mkuu alilitazama koti, akamtazama mwenye koti, akaenda kukunja kamba zake bila kusema neno, maana lililomjia mdomoni halikufaa mbele ya wanawake.

"Kwa hiyo baba hakuzama," alisema binti.

"Hakuzama na koti. Mengine siyajui."

Binti alitazama mto, kisha akatazama mji uliokuwa umekaa juu ya kilima upande wa pili, mabati kwa mabati hadi macho yakachoka. Akaanza kulia. Mto angalau ulikuwa mahali pamoja pa kutafuta.

*

Ukumbi wa klabu ulikuwa safi, una madirisha makubwa, na ukutani palikuwa pameandikwa kwa herufi za mkono: TENDA WEMA UENDE ZAKO. Wanachama walikuwa mezani wakikata karatasi za matangazo. Kwenye kila karatasi palikuwa na picha ya Mzee Ndevu, amevaa koti, ndevu nyeupe zimemfunika kifua. Tangu jana walikuwa wamebandika picha ile kwenye kila nguzo ya mji. Hakuna aliyekuwa amelala vizuri, na ilionekana.

Mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno, mwanamume mpole aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kujibu.

"Nguo za wazee mnazifanyaje, daktari?" Shangazi alimwuliza.

"Wanapooga tunazifua na kuzishona palipochanika. Zikikauka tunawarudishia."

"Na za kugawa?"

"Ziko meza ya pili." Daktari alisita. "Huenda mtu alichanganya meza."

"Alichanganya. Basi mzee alipotoka kuoga alivaa nini?"

Hapo daktari alichangamka kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe.

"Shati letu. Inspekta, klabu nyingi ukifika unamjua anayetoa kwa sare yake na anayepokea kwa matambara yake. Sisi aibu hiyo tuliiondoa. Kila mtu anayeingia humu, mwanachama au mgeni, anavaa shati hili hili." Alishika shati lake la buluu kifuani. "Wala hatumwulizi mtu jina wala anakotoka. Akishaingia ni mwenzetu, basi."

Shangazi aliwatazama waliokuwa mezani. Wote walivaa shati la buluu. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mzee anayekata karatasi kwa bidii, na kwa kumtazama tu usingeweza kusema kama alikuja kusaidia au kusaidiwa.

"Nani alinyoa watu?"

Kinyozi alijitokeza mwenyewe. Alikuwa jitu la mtu, lakini alisimama kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu.

"Yule mzee wa kwenye picha nilimnyoa mimi, nikadhani wote mnajua. Ndevu zote. Alisema zinamwasha, na kweli zilikuwa zimefika hapa. Nilipomaliza nikampa kioo. Akatazama, akasogea pembeni kumpisha yule aliyemwona ndani. Sote tulicheka. Tulidhani anatania."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, kazi inaanza saa ngapi? Nikamwambia, mzee wangu, kazi ndiyo hiyo inapakiwa."

"Kulikuwa kunapakiwa nini?"

"Rangi. Ndoo za rangi na ngazi. Lori lilikuwa hapo nje, wenzetu wanakwenda kupaka shule."

Shangazi aligeuka. Binti alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake.

"Mzee alikuwa na kazi gani?"

"Mpaka rangi," alisema binti. "Majumba makubwa haya yote ya zamani kapaka yeye. Hadi mgongo ulipomkatalia."

Shangazi alibandua picha moja mezani, akaiinua kila mtu aione.

"Hii niliidhinisha mimi. Polisi wangu wote wanayo mfukoni. Tunatafuta koti na ndevu. Koti lilikuwa mtoni na ndevu ziko kwenye pipa la kinyozi. Mtu mwenyewe hakuna aliyemtafuta tangu juzi." Akamgeukia binti. "Wewe ungemjua bila ndevu?"

"Sijapata kumwona bila ndevu maishani mwangu. Marehemu mama alikuwa anasema yeye aliolewa na ndevu, baba alikuja nazo tu."

Daktari alikuwa tayari ameshatoa simu. Aliyesimamia upakaji rangi alikuwa mkandarasi, naye mwanachama. Shangazi aliichukua simu, akaiweka juu ya meza ili sauti isikike kwa wote.

"Juzi kwenye lori mlikuwa wangapi?"

"Wengi tu, mama," ilisema sauti ya mkandarasi. "Kazi ya kujitolea haina rejista."

"Ndoo ulihesabu?"

"Ndoo lazima. Na brashi, na ngazi. Vile vya kuazima."

"Na watu?"

"Watu wanajihesabu wenyewe."

"Miongoni mwa watu waliojihesabu, alikuwepo mzee aliyenyolewa upya? Kidevu cheupe kuliko mashavu?"

"Ah, Bingwa." Sauti ilipata joto. "Tulimbandika jina hilo sisi. Mzee yule ana mkono. Alipaka pembe za dari bila kubandika hata karatasi ya kuzuia, mstari umenyooka. Tukasema safari hii klabu imepata mwanachama kweli. Nilikuwa nataka kumwuliza daktari namba yake nimpe kazi."

"Alirudi na nani?"

Kwenye simu kilisikika kiti kikivutwa.

"Bwana mkandarasi."

"Wengine walirudi na lori. Wengine walikuja kufuatwa na magari yao. Mimi nilikuwa na gari langu. Nilijua yuko kwenye lori."

Mwanamume mmoja mezani aliweka mkasi chini. "Mimi nilikuwa kwenye lori," alisema polepole. "Sisi tulijua amepanda na wewe."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?" Shangazi aliiuliza simu.

"Darasa la mwisho. Lina stoo ya vitabu kwa ndani. Alisema haijakolea, anaiongeza rangi mkono wa pili."

"Halafu?"

"Halafu giza likaanza. Tukafunga madirisha kwa nje vumbi lisishike rangi mbichi, tukatia makufuli. Sikuchungulia stoo, mama. Sikuchungulia. Funguo nikampa mwalimu mkuu, naye kaondoka jana, shule imefungwa."

Binti alikwenda moja kwa moja hadi kwa daktari wa meno, akamtazama, na yule daktari, aliyekuwa mkubwa wake kwa umri, akaangalia chini.

Shangazi alikuwa akiutazama ukuta. "Tenda wema uende zako," alisoma. "Mlikwenda zenu kweli."

Halikuwa neno la haki, na alijua hivyo wakati linamtoka. Aliagiza gari la wagonjwa lije na muuguzi, akaagiza mtaimbo, na kinyozi akaomba aende nao kwa sababu alikuwa na nguvu. Akamkubalia.

*

Shule ilikuwa nje ya mji, kwenye tambarare isiyo na mti. Jua la mchana lilikuwa limekaa juu ya mabati. Njiani binti alikaa kiti cha nyuma, ameikumbatia chupa, midomo inacheza. Mara moja tu alisema kwa sauti, "Afumbue macho tu, mengine nitayafanya mimi," na haikujulikana alikuwa anamwambia nani.

Mlinzi wa lango alifungua akiwa bado anavaa kiatu. Hapana, hakuona mtu. Madarasa yako ng'ambo ya uwanja na yeye kazi yake ni lango.

"Hukusikia kitu?"

"Jana asubuhi kulikuwa na kugonga-gonga. Nikajua mabati, yanatanuka kwa jua." Alimtazama Shangazi usoni, sauti yake ikapungua. "Mchana yakaacha."

Walivuka uwanja wakikimbia. Darasa la mwisho lilikuwa na kufuli jipya, la ukubwa wa ngumi, maana klabu ilinunua makufuli mazuri. Kinyozi alichomeka mtaimbo, akaning'inia nao kwa uzito wake wote. Kufuli halikutikisika. Kilichokubali ni ubao wa mlango, uliopasuka na kutoa vipande.

Harufu ya rangi na joto iliwapiga kwanza. Ndani kulikuwa kunaumiza macho kwa weupe. Kuta zilikuwa zimepakwa vizuri ajabu, dari imenyooka pembe kwa pembe. Lakini upande wa ndani wa mlango, ambao nao ulikuwa umepakwa jioni ile ile, ulijaa viganja. Vingine vilikuwa juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Vingine vilikuwa kwenye kitasa. Vya mwisho vilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, vimeburutwa.

Shangazi alimzuia binti kwa mkono mmoja. "Mwache muuguzi kwanza."

Mzee alikuwa amelala chini ya dirisha, shati la buluu limelowa na kukauka, karibu yake ndoo ya kusuuzia brashi ambayo maji yake yalikuwa yamebaki tope la rangi. Muuguzi alipiga magoti. Aliweka vidole shingoni, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyovumilika.

"Yupo," alisema. "Yupo kidogo."

Alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Kipimo kilikataa kutoa namba, kikaandika tu kwamba sukari imezidi. Muuguzi alinyoosha mkono bila kugeuka, "Dawa, nani ana dawa?" na binti akawa amekwisha kupita chini ya mkono wa Shangazi na chupa imefunguliwa. Walimtundikia maji, kinyozi akiishika chupa ya dripu juu. Aliinua macho dirishani, akayabakiza hukohuko, asiutazame uso alioutoa ndevu kwa mkono wake.

Walipomgeuza kumweka kwenye machela, mwanga wa mlangoni ulimwangukia usoni. Kidevu kilikuwa kidogo, kina kijishimo katikati kama cha binti yake. Binti alikuwa ameinama ili ambusu. Hakumbusu. Alibaki ameinama palepale.

Kazi ina taratibu zake, na Shangazi alilazimika kuuliza.

"Ndiye?"

Binti aliendelea kuutazama uso.

"Mwanangu, nahitaji useme. Ndiye baba yako?"

"Huyu nilimwona," alisema binti.

"Umesemaje?"

"Juzi. Nafika pale ukumbini kumchukua baba, lori likawa linatoka getini. Nikalipisha. Huyu alikuwa amekaa juu ya ndoo nyuma, akanipungia mkono, anacheka, ananiita kama ananijua. Lori linanguruma, sikumsikia anasema nini." Alikuwa anazungumza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetoa maelezo kituoni. "Mimi nikampungia. Nikajisemea, wazee wengine wana furaha. Nikaingia ndani kumtafuta baba."

Muuguzi alisema wapishe, hakuna muda. Walimbeba wakavuka uwanja, binti akitembea kando ya machela, na kiganja chake alikuwa amekiweka kwenye kile kidevu. Alikiacha hapo hata walipompandisha garini.